Upawa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nimefundisha mapishi mjini Kisumu kwa miaka mingi, nikianza na vikundi vya kina mama na baadaye vijana wanaotaka kazi za hotelini, na sijaona muhula ukapita bila mtu kuuliza upawa ni nini, unatofautianaje na mwiko, na kwa nini ninasisitiza uitwe kwa jina lake. Majibu yafuatayo ni yale ninayoyatoa darasani, nikiyapanua pale ambapo wanafunzi huniuliza tena na tena.

Upawa ni nini hasa?

Upawa ni chombo cha jikoni chenye bakuli dogo lenye kina na mpini mrefu, kinachotumiwa kuteka mchuzi, uji, supu au chakula kingine cha majimaji kutoka chunguni au kwenye sufuria na kukitia katika sahani, bakuli au kikombe. Sehemu mbili ndizo zinazoufanya uwe upawa. Ya kwanza ni kina cha bakuli lake, maana chombo bapa hakiwezi kushika mchuzi. Ya pili ni mpini, ambao lazima uwe mrefu kiasi cha kuuweka mkono mbali na mvuke na mbali na chakula chenyewe.

Upawa wa asili, kama ulivyotumiwa na bado unavyotumiwa katika nyumba nyingi za pwani, ni nusu ya kifuu cha nazi iliyotiwa mpini wa mti. Upawa unaoonekana leo katika maduka ya Kisumu, Kakamega au Nakuru huwa wa alumini, wa chuma cha pua, wa plastiki au wa mti. Umbo limebaki lile lile, na kwa hiyo jina halina sababu ya kubadilika.

Upawa, mwiko, kata na kijiko vinatofautianaje?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko mengine yote, na njia rahisi ya kulijibu ni kuanza na vitenzi. Mwiko ni wa kusonga na kukoroga. Upawa ni wa kupakua. Kata ni ya kuteka maji. Kijiko ni cha kulia. Mtu akishavishika vitenzi hivi vinne, vyombo vyenyewe havimchanganyi tena.

Mwiko ni kipande cha mti kilichochongwa kikawa bapa upande mmoja. Ubapa huo una kazi yake. Ugali unaposongwa, unga huwa mzito kiasi kwamba kitu chenye shimo kingeshika donge badala ya kulisukuma, ilhali mwiko hupita kati ya donge na ukuta wa sufuria, ukalibandua na kuligeuza. Wali na pilau pia hupakuliwa kwa mwiko au kwa kijiko kipana, kwa kuwa punje hukaa juu ya ubapa bila kumwagika. Kwa hiyo si kosa kusema kwamba mwiko nao hupakua. Kosa ni kudhani kwamba unaweza kupakua mchuzi.

Kata ni ndugu wa karibu wa upawa. Nayo hutengenezwa kwa kifuu cha nazi au kwa kibuyu, lakini kwa kawaida ni kubwa zaidi, na kazi yake ni kuteka maji mtungini. Ukiingia nyumba ya kizamani ya pwani ungeona kata imeegeshwa juu ya mtungi na upawa ukiwa jikoni, na hakuna aliyevibadilishana, kwa sababu hakuna anayependa kunywa maji yenye harufu ya kitunguu.

Kijiko tunakijua sote, na hapo ndipo tatizo linapoanza, kwa kuwa watu wengi wa huku kwetu wameanza kuuita upawa "kijiko kikubwa". Ukisema hivyo, anayekusikia atakuletea kijiko cha mezani, kijiko cha kupakulia wali au upawa, na kila kimojawapo atakuwa amekutii. Jikoni, ambako mafuta yanachemka na watu wanangoja, neno lisilotaja kitu kimoja tu linapoteza wakati na wakati mwingine linaunguza chakula.

Wingi wa upawa ni upi, na linatumiwaje katika sentensi?

Wingi wake ni pawa. Neno hili liko katika ngeli ya U-ZI, pamoja na maneno kama ukuta na kuta, ufunguo na funguo, upanga na panga. Tunasema: upawa huu umevunjika, pawa hizi zimevunjika, upawa wangu mpya, pawa zangu mpya, upawa uliotiwa mchuzi, pawa zilizotiwa mchuzi. Wanafunzi wengi huandika "maupawa", na wengine huacha "upawa" katika umoja na wingi, na yote mawili si sahihi.

Kwa kulinganisha, mwiko uko katika ngeli ya U-I, na wingi wake ni miiko, ukiandikwa kwa irabu mbili. Kijiko ni cha KI-VI. Kata ni ya I-ZI na haibadiliki umbo katika wingi. Neno kata lina maana nyingine pia: eneo la utawala lililo chini ya tarafa, na hata kile kitambaa au majani yanayoviringwa na kuwekwa kichwani ili kubebea mzigo. Muktadha hutosha kuzitenganisha maana hizo.

Je, upawa una uhusiano na kipawa?

Kipawa ni kipaji, yaani uwezo ambao mtu amezaliwa nao. Maneno haya mawili yanafanana kwa sauti, na mwanafunzi mwenye haraka huandika "mtoto yule ana upawa wa kuimba". Sentensi hiyo inasema kwamba mtoto ana chombo cha kupakulia mchuzi. Yashike kama maneno mawili tofauti yenye maana mbili tofauti.

Kwa nini watu wengi wa Kisumu, Kakamega na Nakuru hulijua neno hili shuleni tu?

Sababu ya kwanza ni historia ya chombo chenyewe. Upawa wa asili ni wa kifuu, na mnazi ni mti wa pwani. Nazi zinazouzwa Kisumu zimesafiri kutoka Kilifi, Kwale na kwingineko huko chini. Wazee wa huku hawakukosa chombo cha kutekea, bali walikuwa na kibuyu. Waluo hukiita agwata kile kipande cha kibuyu kilichokatwa, ambacho hutumiwa kuteka uji na maji, na jamii jirani nazo zina majina yao kwa vyombo vya kibuyu vya aina hiyo hiyo. Kwa hiyo jambo lilikuwepo. Neno la Kiswahili ndilo lililochelewa kufika, na lilipofika lilikuja kwa njia ya kitabu cha msamiati wa jikoni, likiwa limepangwa na kinu, mchi, mbuzi ya kukunia nazi, kawa na kichujio, ili mtoto alikariri kwa ajili ya mtihani.

Sababu ya pili ni kwamba nyumba nyingi za mijini huzungumza Kiswahili cha mchanganyiko, na kitu kisichotajwa mara kwa mara hupewa jina la kukisia. Nimesikia binti akimwambia mamake, "Mama, nipatie ile kitu ya kupakulia", na mama akaelewa na kumpa. Simlaumu binti huyo wala mamake. Ila nasikitika, kwa sababu neno zuri na fupi lipo, na kulitumia nyumbani hakugharimu chochote. Mtoto aliyesikia "nipe upawa" kila jioni hahitaji kulikariri.

Ninachowaambia wanafunzi wa Kiluo, Kiluhya au Kikalenjin ni kwamba wasiliache jina la kwao. Anayejua agwata na akajua upawa ana maneno mawili na picha mbili kichwani: kibuyu chepesi kilichokaushwa juani, na kifuu kizito kilichosuguliwa kikang'aa.

Upawa wa kifuu hutengenezwaje?

Nimewahi kuutengeneza pamoja na wanafunzi, kwa nazi tulizonunua sokoni Kibuye, na kazi hiyo inawezekana kabisa hata mbali na bahari. Nazi huvunjwa katikati kwa kuigonga kwa mgongo wa panga huku ukiizungusha mkononi, ili ipasuke kwa mstari mmoja. Utapata nusu mbili, na hapa kuna jambo ambalo mtu asiyelijua hupoteza kazi yake yote: nusu moja ina macho matatu ya nazi, na jicho moja kati ya hayo ni laini na hutoboka kwa urahisi. Nusu hiyo itavuja. Chagua ile nyingine.

Baada ya kuikuna nazi kwa mbuzi, kwangua mabaki yote ndani ya kifuu, kisha ukwangue nyuzi za nje kwa kisu au kwa kipande cha kioo, na umalizie kwa msasa hadi mkono usihisi mkwaruzo. Toboa matundu mawili yanayotazamana, chini kidogo ya ukingo. Chonga mpini wa mti mgumu usio na utomvu wala harufu, wenye ncha iliyopunguzwa unene, uupitishe tundu la kwanza, uvuke ndani ya kifuu na utokeze kidogo katika tundu la pili. Ukikaza vizuri hauhitaji gundi wala msumari, na msumari nisingeupendekeza hata kidogo, kwa sababu hupata kutu na huwa chanzo cha ufa. Mwishowe paka mafuta ya nazi ndani na nje, uache siku nzima, kisha uoshe kwa maji ya moto kabla ya kuutumia.

Mpini unaopita ndani ya bakuli huwashangaza wanafunzi, nao huuliza kama hauzuii mchuzi. Hauzuii, kwa kuwa unapita juu karibu na ukingo, na umuhimu wake ni kwamba uzito wa mchuzi unabebwa na pande mbili za kifuu, si upande mmoja.

Ni vyakula gani vinavyohitaji upawa, na hupakuliwaje?

Chochote kinachotiririka. Lakini kila chakula kina tabia yake, na mpakuzi mzuri huijua.

Mrenda ndio mwalimu mkali kuliko wote. Mboga hii, ambayo Waluo huiita apoth na Waluhya wengi huiita omurere, huvutika, na ukiitoa kwa kijiko bapa inarudi sufuriani yote ikiwa kamba moja ndefu. Tumbukiza upawa, uinue polepole, kisha uuzungushe mara moja juu ya sufuria huku ukiugusisha ukingo. Ule uzi hukatika na mboga hubaki ndani ya upawa. Nimeona wageni wakihangaika na mrenda hadi meza ikajaa, ilhali kuzungusha mkono mara moja kungetosha.

Mchuzi wa samaki unahitaji upole. Ngege au kipande cha mbuta kilichochemka kikaiva hakitaki kuguswa na ukingo wa upawa, maana kitavunjika na kuacha miiba ndani ya mchuzi. Samaki mwenyewe aondolewe kwanza kwa kitu bapa, awekwe sahanini, ndipo mchuzi utekwe kwa upawa na kumiminwa juu yake. Mhudumu anayefanya kinyume, akichimba samaki kwa upawa, humletea mteja vipande badala ya samaki, na mteja wa Kisumu aliyekuja ziwani kula samaki mzima hatarudi kwake.

Uji ni jambo jingine. Uji wa wimbi au wa mtama hushika ngozi juu unapopoa, kwa hiyo ni lazima ukorogwe kabla ya kila mteko, na upawa wa uji uwe na ukingo uliobonyea kidogo upande mmoja, kama mdomo wa birika, ili usimwagike nje ya kikombe. Kama upawa wako hauna mdomo huo, mimina kwa upande na si kwa mbele.

Mandazi na viazi vilivyomo ndani ya mafuta huhitaji upawa wa matundu, ambao huacha mafuta yarudi karaini. Huo huwa na bakuli lisilo na kina kirefu. Ugali hauhitaji upawa hata kidogo, ingawa nimewaona watu wakiutumia kuuchota kwa ajili ya watoto. Sahani au bakuli lililoloweshwa maji huupa umbo zuri zaidi.

Nitapakuaje ili kila mtu apate sawa?

Swali hili liko moyoni mwangu. Nilisoma bweni, na chakula chetu cha jioni kilikuwa maharagwe. Sufuria ilikuwa ndefu, mpakuzi alikuwa amechoka, na upawa ulipita juu juu. Waliotangulia kwenye foleni walipata maji mekundu yenye punje chache, na waliokuja mwisho walipata maharagwe mazito yaliyokuwa yamezama chini, isipokuwa siku ambazo mambo yalikuwa kinyume kwa sababu mpakuzi alianza kwa kuchimba. Hakuna aliyekusudia kutudhulumu. Upawa ulikuwa mmoja na kipimo kilikuwa kimoja, lakini sisi hatukula sawa.

Sababu ni kwamba punje ni nzito kuliko mchuzi na huzama mara tu mkono wa kukoroga unapotulia. Kwa hiyo kazi ya kupakua inahitaji vyombo viwili na, kwa watu wengi, mikono ya watu wawili: mmoja ana mwiko na hukoroga kutoka chini kwenda juu bila kuacha, na mwingine ana upawa na huteka kutoka katikati ya sufuria, akiutumbukiza wima na kuutoa ukiwa umelala sawasawa. Ukikoroga mara moja mwanzoni ukadhani imetosha, mtu wa kumi atapata kitu tofauti na mtu wa kwanza.

Kisha kuna kipimo. Katika matanga na harusi za kwetu, ambako mtu hawezi kujua idadi ya wageni hadi wafike, ninawashauri wapakuzi wakubaliane kabla: upawa uliojaa sawa na ukingo, au uliopungua kidogo, lakini mmoja kwa wote. Tuseme mchuzi ni lita 30 na wageni ni 120. Kila mmoja anastahili mililita 250, ambazo ni pawa mbili za mililita 125. Mpakuzi mwenye huruma akiongeza mililita 25 tu katika kila upawa, kila mgeni atapata mililita 300, na mchuzi utawatosha watu 100. Wale 20 watakaokosa kwa kawaida ndio waliokuwa wakihudumu, wakibeba maji na kuchanja kuni tangu alfajiri. Huruma ya mpakuzi iwe katika kuwakumbuka hao.

Nyama inapokuwa ndani ya mchuzi, itenganishwe na ihesabiwe vipande. Upawa hauhesabu nyama.

Upawa mmoja una ujazo gani?

Hakuna ujazo mmoja. Pawa nyingi za nyumbani huwa kati ya mililita 60 na 150, na za taasisi hufika mililita 250 au zaidi. Pima wako mwenyewe: chukua chupa tupu ya maji ya nusu lita, uijaze kwa upawa kupitia faneli, na uhesabu. Ikijaa kwa pawa nne, upawa wako ni wa mililita 125. Ikijaa kwa tano, ni wa mililita 100. Andika tarakimu hiyo kwa rangi kwenye mpini. Tumezoea kupima mahindi kwa gorogoro na hakuna anayekubali gorogoro iliyobonyezwa kitako, basi na mchuzi nao upimwe kwa chombo kinachojulikana.

Ninunue upawa wa nini: mti, alumini, chuma cha pua au plastiki?

Kwa nyumba yenye uwezo wa kununua mmoja tu, nunua wa chuma cha pua. Chuma cha pua ni chuma kilichochanganywa na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, na kromiamu hiyo hufanya utando mwembamba unaokikinga na kutu. Hakigeuzi ladha ya nyanya wala ndimu, na mpini wake haupati moto haraka, kwa kuwa alumini hupitisha joto zaidi ya mara kumi kuliko chuma cha pua. Watu huniuliza kama sumaku inaweza kutambua chuma cha pua halisi. Haiwezi, kwani kuna aina inayonasa sumaku na aina isiyonasa, na zote ni halisi. Tazama badala yake jinsi mpini ulivyounganishwa na bakuli: upawa wa kipande kimoja ni bora kuliko uliochomelewa kwa nukta mbili, ambao hukatika shingoni siku ambayo sufuria imejaa.

Alumini ni nyepesi na ya bei nafuu, nami ninaheshimu sana kazi ya mafundi wa jua kali. Lakini kuna tofauti kati ya upawa uliokatwa kutoka bati safi la alumini na ule uliosubiwa kwa mabaki yaliyoyeyushwa pamoja, ambamo huweza kuwa na vipande vya injini na vyuma vingine. Mchanganyiko huo huweza kubeba madini ya risasi, na risasi hiyo ikiingia mwilini huathiri hasa ubongo wa watoto. Vyakula vyenye uchachu huitoa kwa urahisi zaidi. Muulize fundi alitumia nini. Fundi mwaminifu hukuambia. Na hata ukiwa na upawa mzuri wa alumini, usiuache ukilala ndani ya mchuzi wa nyanya.

Plastiki ndiyo iliyoniumiza. Miaka iliyopita nilikuwa nikikaanga mandazi ya wageni, nikatoa ya kwanza kwa upawa mweusi wa nailoni niliouzwa dukani kwa ahadi kwamba hauyeyuki, nikauegesha kwenye ukingo wa karai na kwenda kupokea mgeni. Niliporudi ukingo wa upawa ulikuwa umelainika na kujikunja, na mafuta yote yalimwagwa. Mafuta ya kukaangia mandazi huwa kati ya nyuzi 170 na 190 za selsiasi, na karai iliyosahauliwa motoni hupita 200 bila shida, ambapo nailoni inakaribia mwisho wa uvumilivu wake. Plastiki itumike kwa kupakua mezani, mbali na moto.

Upawa wa mti au wa kifuu haukwaruzi sufuria, hauunguzi mkono na haupigi kelele. Unachodai ni kuoshwa na kukaushwa kwa uangalifu.

Je, ni vibaya kuuacha upawa ndani ya sufuria?

Wakati wa kupakua, hapana, mradi mpini usizame. Baada ya chakula kutolewa mezani, ndiyo. Upawa ulioachwa ndani huifanya sufuria isifunike vizuri, mchuzi hupoa, na chakula kilichopoa kwa saa nyingi jikoni ni hatari hata kama kinanukia vizuri. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwa joto la kawaida zaidi ya saa 2, na kile kinachosubiri kuliwa kiwe na joto linalozidi nyuzi 60. Uwe na kisahani cha kuegeshea upawa kando ya jiko, na kisahani hicho kioshwe kila mlo.

Kila chungu kiwe na upawa wake. Mtu asiyekula nyama, au mwenye mzio wa samaki au karanga, hudhurika kwa upawa uliohama kutoka sufuria moja hadi nyingine, na mpishi hatajua alikosea wapi.

Ninaweza kutumia upawa kutekea maji ya kunywa?

Tumia kata, au upawa ambao haufanyi kazi nyingine, na hili nalisema kwa uzito. Nyumba nyingi za mitaa yetu huhifadhi maji ndani ya ndoo na mitungi. Mtu akichovya kikombe, vidole vyake huingia majini, na maji yaliyochemshwa asubuhi huwa machafu kufikia mchana. Mpini mrefu huzuia jambo hilo. Ninyi mlio kandokando ya ziwa mnajua kipindupindu kinavyorudi. Chombo chenye bomba ni bora zaidi, lakini pale ambapo hakuna, kata yenye mpini mrefu, iliyotundikwa ukutani na isiyolazwa chini, ni kinga ya kweli.

Ni kweli kwamba hairuhusiwi kumpiga mtu kwa mwiko au upawa?

Katika nyumba nyingi tulikanywa hivyo, na kila mzee alikuwa na sababu yake. Neno mwiko lenyewe lina maana ya pili, yaani jambo lililokatazwa na desturi, na wanafunzi hupenda kuziunganisha maana hizo mbili. Sababu yangu ni kwamba chombo kinacholisha watu hakifai kumuumiza mtu.

Upawa wa mti au wa kifuu husafishwaje, na ukipasuka unaweza kutengenezwa?

Uoshe mara tu baada ya kuutumia, kwa maji ya moto na sabuni kidogo, na usiuloweke usiku kucha. Mti hunywa maji, huvimba, na unapokauka hupasuka. Uutundike mahali penye hewa, bakuli likitazama chini. Mara moja kwa mwezi, upake mafuta ya kupikia kwa kitambaa safi, na harufu ya samaki ikigoma kutoka, usugue kwa chumvi na nusu ya ndimu, uache dakika kumi, kisha uoshe.

Mpini uliolegea unaweza kutolewa na kuchongwa mwingine mnene kidogo. Kifuu kizuri huweza kuona mipini kadhaa. Ufa wa kwenye bakuli ni tofauti. Mabaki ya chakula huingia humo mahali ambapo sabuni haifiki, na hakuna gundi ninayoiamini ndani ya mchuzi wa moto. Upawa wa namna hiyo uondoe jikoni na utumie kuchotea unga au mbegu za kupanda.